Pijo ya Baba Haiwaki Asubuhi

Jumatano, 11 Juni 2025

Siku kumi zimebaki. Jumamosi ya wiki ijayo binti yangu Raisa anaolewa Kabonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Atatoka mlangoni kwangu saa moja asubuhi, ndani ya Pijo 504 ya marehemu baba yangu. Si Noah. Si teksi. Pijo! Nilimwahidi akiwa na miaka sita, amekaa mapajani mwangu anashika usukani kwa mikono miwili. Sijasahau. Naye hajasahau.

Pijo yenyewe ni ya mwaka 1974, rangi ya samawati, na haina kabureta. Ina enjeksiyo! Pampu moja ndogo ya chuma imekaa ubavuni mwa injini, inaipa kila silinda esansi yake, yaani petroli, kwa kipimo chake, bila kompyuta, bila mtu. Rumonge nzima ni moja tu. Sielewi inafanyaje. Kila nikifungua kapo, kile kifuniko cha injini, natamani kuvua kofia.

Shida ni esansi. Sitasiyo za mafuta zote kavu, foleni ya gari imefika sokoni na madereva wanalala humo humo. Lakini mimi nina njia zangu. Nimepata lita arobaini! Sasa kuzificha wapi? Jirani yangu Boaz, mwalimu aliyerudi kutoka Tanzania na Noah nyeupe, ana pua. Shemeji zangu nao hawana aibu.

Basi ona akili. Stoo ya mke wangu Kadidja ina bidoni kumi na mbili, madumu ya plastiki yaliyojaa mawese. Nilichukua mbili, mawese nikampa muuza maandazi, ndani nikaacha vikombe viwili hivi makusudi, ili mdomo wa bidoni ubaki mwekundu na harufu ibaki ya jikoni. Nikajaza esansi. Nikazisukuma kona ya nyuma, chini ya magunia. Mwizi gani wa esansi atafungua mawese? Nilikaa chini nikajistaajabia mwenyewe. Kichwa hiki kingesoma kingefika mbali.

Saa nane mchana nikaipa Pijo lita kumi. Ikawaka mara moja. Sauti! Majirani walitoka nje. Boaz naye alikuja, akaisifu sana, kisha akasema Noah yake iko tayari siku ya harusi kama kutatokea dharura. Dharura! Nilimshukuru kwa meno tu.

Alhamisi, 12 Juni

Haiwaki.

Saa moja asubuhi, nimevaa vizuri, nikageuza ufunguo. Pampu ya umeme ya nyuma ikalia zzzz kama kawaida. Injini ikazunguka. Ikakohoa mara moja. Basi. Nikajaribu mpaka betri ikaanza kuchoka. Kadidja alipita na ndoo, akaniuliza kama ndiyo hiyo itakayompeleka mtoto wake Kabonga. Nikamwambia ninaipasha moto kwa utaratibu.

Saa saba mchana, nimekata tamaa kabisa, nikagusa ufunguo tu. Ikawaka! Ikanguruma kama haijawahi kuugua. Subhanallah. Nilibaki nimeshika mlango, sijui niingie au nikimbie. Gari gani inachagua saa?

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi: imekufa. Mchana: imefufuka. Nimeandika hivyo hivyo, nione kama maandishi yatanisaidia. Hayakusaidia.

Lakini hakuna anayejua ila mimi na Kadidja. Baada ya sala ya Ijumaa nikaitoa makusudi. Nikapita msikitini, nikapita bandarini, nikapita mara tatu mbele ya nyumba ya Boaz, mara ya tatu polepole na kioo kimeshushwa. Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana yote, na injini inaimba. Nilihisi marehemu baba amekaa kiti cha nyuma. Machozi kidogo.

Niliporudi nikapata wazo. Kama Pijo inataka mchana, harusi iende mchana! Nikawapigia wakwe Kabonga. Nikasema nimeshauriana na watu wenye elimu, ndoa ya saa nane ina baraka zaidi kuliko ya saa moja. Baba mkwe wa Raisa akaniuliza ni watu gani wenye elimu hiyo. Nikasema wako wengi. Akasema pilau lake linaliwa saa sita mchana, wageni wake wengine wanarudi Kigoma kwa mtumbwi kabla ya upepo wa jioni, na kama mimi nina tatizo na binti yangu kuolewa niseme wazi.

Kadidja alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Sitaandika alichosema.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwita fundi kutoka Kabezi! Darius, kijana wa gari za kisasa, anasifiwa hadi Bujumbura. Alishuka kwenye basi na miwani ya jua na kisanduku cha kompyuta chenye waya mrefu. Nilimkaribisha kwa heshima zote. Samaki, ugali, soda baridi.

Akauliza tundu la kuchomeka waya liko wapi. Nikamwambia yeye ndiye fundi. Akaingia chini ya usukani. Akatoka. Akaingia chini ya kiti. Akatafuta mpaka kwenye buti. Saa tatu nzima! Mwisho akakaa chini, amejaa vumbi, akatamka kwamba gari hii haina akili.

Haina akili! Pijo ya baba! Nikamwambia gari hii ilikuwa inapanda milima ya Bururi mama yake hajazaliwa. Hakukasirika. Alifungua kapo tena, akaitazama ile pampu ndogo kwa muda mrefu, akavua miwani. Akauliza kwa sauti ya chini nani anaiambia esansi iende silinda ipi na kwa wakati gani. Nikasema inajua yenyewe. Tukaitazama wote wawili. Akapiga picha saba.

Kabla ya kupanda basi akanishauri nitafute mtu mzima. Akasema hapa hapa Rumonge, bandarini, yuko mama mmoja anayetengeneza mashine za mitumbwi, Evangelina.

Najua. Ni dada yake Boaz. Afadhali nitembee na Raisa kwa miguu mpaka Kabonga.

Jumatatu, 16 Juni

Nimegundua! Ni hujuma. Kwa nini inakufa asubuhi tu? Kwa sababu kuna mtu anaichezea alfajiri. Na nani anataka Noah yake ibebe bibi harusi? Sihitaji kumtaja.

Jana jioni nilimwaga majivu kuizunguka Pijo yote, laini, kama unga. Leo asubuhi nikakuta nyayo! Za ndala, kubwa, kisigino cha kushoto kimekatika. Nikaenda moja kwa moja kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu. Akaja, Boaz akaitwa, majirani wakajaa. Nikasema yote. Nikasema wivu, nikasema Noah, nikasema mtu asiyependa kuona mwenzake anapendeza.

Boaz aliinama. Alivua ndala zake akazionyesha. Nzima zote mbili. Shefu akaanza kukagua ndala za kila mtu, mpaka akafika kwangu, akaniomba ninyanyue mguu wa kushoto.

Ndala yangu mwenyewe. Kumbe Kadidja aliivaa alfajiri kwenda stoo kuhesabu mawese ya harusi. Na alikuta bidoni kumi badala ya kumi na mbili! Akataka shefu aandike wizi hapo hapo. Mimi nikasema tusimsumbue shefu kwa mambo madogo, mtu asishuku mtu siku za furaha. Shefu alinitazama sana.

Boaz alinipa mkono kabla ya kuondoka. Amahoro, akasema, amani tu. Ndicho kitu kinachonichosha kwa mtu huyu. Hagombani.

Jumanne, 17 Juni

Tuna siku nne. Jana usiku sikulala vizuri, nikawaza tu: mchana kuna nini ambacho asubuhi hakuna? Joto! Juni asubuhi kuna baridi hapa ziwani, mpaka wavuvi wanavaa makoti. Basi nikiiletea Pijo mchana wake mapema?

Alfajiri nikawasha mbabura ya Kadidja, jiko lake la makaa, nikaijaza, nikaisukuma chini ya injini. Nikafunika kapo kwa blanketi la ndani. Nikasubiri nusu saa. Saa kumi na mbili na nusu nikageuza ufunguo. IKAWAKA! Wallahi iliwaka! Nilishangilia peke yangu kama mtu aliyefunga goli. Niliona nimeingia kwenye siri ya maumbile.

Kisha blanketi likaanza kutoa moshi.

Boaz aliruka ukuta. Mwalimu wa miaka hamsini na tano, na pajama! Akavuta mbabura kwa mikono yake, akamwaga ndoo mbili za mchanga, akanivuta na mimi. Ameungua kidole. Akanifokea, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema esansi na makaa, mzee, unataka Raisa aolewe huku baba yake amevikwa sanda?

Raisa alikuwa mlangoni ameona yote. Alikuja akanipangusa mchanga usoni kwa ncha ya kitenge chake. Akasema, Baba, usihangaike tena, nitakwenda na Noah ya baba Boaz, ni gari tu. Alisema kwa upole kabisa, anatabasamu. Afadhali angenifokea kama wengine. Kwa sababu niliyaona macho yake, na haikuwa gari tu.

Nimekaa chini ya kapo mpaka adhuhuri. Sikupata mpango wowote. Kesho nakwenda bandarini.

Alhamisi, 19 Juni

Jana nilimfuata Mama Evangelina. Alikuwa amepiga magoti juu ya mashine ya mtumbwi, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni, kitambaa cha kanisa kichwani. Nikaanza kueleza kwa kuzunguka. Akanikata, kwa Kiswahili chake kile cha Kigoma, kwamba habari zote anazo kwa mdogo wake, hata za majivu. Akasema atakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi, nisiiwashe, nisiiguse, na hasa nisiipikie.

Leo nimeona mambo.

Alikuja na bisibisi ndefu, chupa nne tupu za maji na funguo zake kwenye kitambaa. Akaanza na buji, zile plagi: cheche zipo, buluu, kali. Akasema moto upo, sasa tutafute chakula. Akasikiliza pampu ya nyuma. Inasukuma. Akafungua chujio. Lina utelezi kidogo, aliusugua kati ya vidole viwili, akanusa, akanitazama. Nami nikatazama tairi.

Halafu akazitoa nozeli zote nne kwenye injini, ncha ndogo za chuma zinazorusha esansi, kila moja akaiingiza kwenye chupa yake. Akatenganisha waya za buji kusiwe na cheche. Akaniambia nizungushe injini. Chupa ya kwanza ikadondosha tone. Ya pili kavu. Ya tatu kavu. Ya nne ikalia machozi mawili. Akasema ona sasa, watoto wako wanne wana njaa, na mama ana maziwa lakini titi limeziba.

Akaomba maji ya moto na taulo. Kadidja akaleta. Akalikamua taulo akaifunga nalo ile pampu ndogo, taratibu, vile unavyomkanda mtoto mwenye matubwitubwi. Tukasubiri. Akabadilisha taulo mara tatu. Kisha akaniambia zungusha tena.

Ya Rabi! Chupa ya kwanza ikajaa ukungu. Si matone. Ukungu! Mweupe, wenye umbo la pia, unatoka pss, pss, pss. Kisha ya tatu. Kisha ya nne. Mwisho ya pili, kwa aibu. Moja baada ya nyingine, kwa zamu, hakuna inayomtangulia mwenzake, hakuna inayozidishiwa. Miaka hamsini inafanya hivyo gizani na hakuna aliyeiona! Mama Evangelina akanipokea ufunguo azungushe yeye, nikaja kuchuchumaa mbele ya chupa. Kadidja naye. Raisa naye. Boaz alikuwa amesimama upande wake wa ukuta, nikamwambia aruke tu. Tukachuchumaa wanne, mabega yamegusana.

Nilimuuliza Mama Evangelina ni nani aliyetengeneza kitu kama hiki. Akasema watu, mzee, watu wenye subira.

Mwisho akachukua kisahani cha chai, akatia vijiko vitatu vya esansi kutoka kwenye tangi, akakiweka kivulini na kukifunika kwa tenga. Akasema esansi ikiwa safi itaruka hewani yote, kisahani kitabaki kikavu. Ikiwa ina kitu, hicho kitu hakina mabawa. Tutakikuta kesho.

Nilitaka kukipindua kile kisahani wakati anafunga vyombo vyake. Nakiri hapa tu. Nilikaribia hatua mbili. Raisa alikuwa amekaa karibu nacho, anakitazama kama anayesubiri yai lipasuke. Nikarudi.

Ijumaa, 20 Juni

Tenga likafunuliwa saa kumi na mbili, mbele ya wote.

Duara jekundu. Limeganda, linang'aa, zuri kama machweo, nami nikaona dunia yangu inazama humo. Mama Evangelina akaligusa kwa ukucha, halikutiririka. Akaeleza polepole. Mchana kitu hiki ni majimaji, kinapita na esansi. Gari ikilala, esansi inaruka, kitu kinabaki ndani ya pampu na kwenye ncha za nozeli, na baridi ya asubuhi inakigandisha. Ndiyo maana haiwaki mpaka jua liifikie.

Nikauliza, kwa mshangao mkubwa, ni kitu gani hicho basi.

Kadidja alichovya kidole. Akaonja! Akageuka akanitazama. Amepika mawese miaka thelathini mwanamke yule. Akaenda stoo, tukasikia magunia yanatupwa, akarudi amebeba bidoni zake mbili zinazonuka esansi, akaziweka miguuni pangu. Akaniita Baba Raisa kwa sauti ya chini. Ile ya chini.

Nilikiri. Nilikiri mpaka vikombe viwili vya makusudi. Boaz aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Mama Evangelina peke yake hakucheka. Akasema kuna kazi. Akaitoa pampu, akaifungua juu ya shuka jeupe la Kadidja. Ndani mna pistoni nne ndogo, nyembamba kuliko kidole changu kidogo. Akaziosha kwa mafuta ya taa. Akakausha moja kwa pumzi yake, akaiweka mdomoni mwa tundu lake, akaiachia. Haikuanguka! Ilishuka taratibu, taratibu, kama mtu anayeingia maji baridi. Akasema imebana hivi kwamba hata hewa inaomba njia. Nilisikia nywele za mkono zinasimama. Na mimi nilikuwa nimeijaza mafuta ya kupikia maharage. Niliona haya, haya ya kweli, mbele ya kipande cha chuma.

Akasema kila pistoni ina nyumba yake, haihamii kwa jirani. Akaenda kunawa. Mimi kwa kutaka kusaidia nikazipanga kwa uzuri, zinazong'aa zaidi mbele. Aliporudi alipiga kelele, bandarini walisikia. Bahati alikuwa ameifunga kila moja uzi wa rangi yake. Kuanzia hapo nilipewa kazi ya kushika kisahani.

Adhuhuri yote iko mahali pake. Tangi limeoshwa, mabomba yameoshwa. Bado esansi. Esansi yangu yote imechafuka, na Rumonge nzima hakuna esansi hata ya kujaza kibiriti cha petroli. Nilizunguka kwa baiskeli mpaka jioni. Nilirudi mikono mitupu, nikakaa kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza nikaona wazi kwamba nimeshindwa, na kwamba nimejishinda mwenyewe.

Boaz akaja na mpira wa kunyonyea na bidoni mpya ya maji ya kunywa. Akapiga magoti nyuma ya Noah yake akanyonya tangi zima. Lita kumi na nane. Akatema mate, akafuta mdomo, akanikabidhi. Nikamuuliza sasa yeye atafikaje harusini. Akasema kwenye Pijo kuna kiti cha nyuma, au kimejaa?

Nilimshika mkono tu, ule wenye kidole kilichoungua.

Jumamosi, 21 Juni

Saa moja kasoro tano. Baridi. Ndoa imeshafungwa sebuleni, sheikh ameshakula. Raisa ametoka, hina mpaka viwikoni, na kina mama wanapiga vigelegele. Mimi kwenye usukani. Bwana harusi mbele. Nyuma Raisa, katikati Kadidja, pembeni Boaz na tai yake. Mama Evangelina amesimama mbele ya kapo iliyofunguliwa, bisibisi begani. Barabara nzima imejaa watu. Wote wanajua. Hadi shefu alikuja.

Mkono wangu ukakataa kugeuza ufunguo. Kweli. Raisa akainama kutoka nyuma, akauweka mkono wake juu ya wangu, kama alivyokuwa na miaka sita, na akageuza yeye.

Iliwaka kabla hajaachia.

Siwezi kuandika kelele ile. Mama Evangelina aliweka bisibisi kwenye pampu na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza, akanyanyua vidole vinne. Wote wanne wanakula. Tukaondoka.

Kilomita zote zile kandokando ya ziwa nilikuwa nasikiliza. Chini ya kapo ukungu ule unapulizwa, pss, pss, pss, kila mmoja kwa zamu yake, nami sasa nilikuwa nauona. Jua likapanda upande wa milima yetu, maji yakageuka fedha mpaka Kongo. Raisa alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Karibu na Nyanza-Lac akasema, Baba, ndiyo sauti ile ile. Akasema akiwa mdogo alikuwa anadhani ni babu yake anakoroma ndani ya injini. Nililia mpaka Boaz akaniomba nisimame kidogo pembeni, kwa usalama.

Kabonga walitupokea barabarani. Baba mkwe alitazama saa yake, akatazama Pijo, akanikumbatia. Nilimwacha mtoto wangu mlangoni kwa watu. Kiti cha nyuma kurudi kilikuwa kipana sana, ingawa Boaz na Kadidja walikuwepo.

Mungu ni mkubwa. Na enjeksiyo ni kazi ya ajabu. Sifichi tena kitu maishani mwangu.

Jumatatu, 23 Juni

Baba mkwe alinipa zawadi wakati wa kuondoka. Lita ishirini, bidoni safi! Kumi zangu, kumi za kuanza kumlipa Boaz, kwa kuwa mzee huyo aliambiwa habari zote. Wiki hii lazima nirudi Kabonga kumtazama Raisa. Ameshanipigia simu leo, anauliza Pijo inaendeleaje kabla ya kuuliza mimi ninaendeleaje. Nimemwambia Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Nimeahidi.

Sasa shemeji zangu wawili bado wako hapa baada ya harusi, na mmoja ana pikipiki. Bidoni safi inayonuka esansi kwenye stoo yangu? Mimi si mtoto.

Nimejifunza. Mawese sirudii tena, mawese yanaganda. Lakini pale jikoni kuna bidoni ya sharubati ya marakuja, matunda ya pasheni, iliyobaki harusini. Nzito, tamu, sukari kilo nane. Sharubati inaganda? Haigandi! Nimeiweka nje asubuhi nzima nikahakikisha, kisayansi, kwenye kisahani. Basi nimeimwaga, nikaacha vikombe viwili vya harufu, nikajaza esansi juu. Mwizi gani wa esansi atafungua sharubati?

Jioni Boaz akaja kuchukua lita zake. Nilimmiminia mwenyewe, kwa mkono wangu, mpaka tone la mwisho la lita zake kumi. Zilizobaki nikaipa Pijo. Kesho Boaz anampeleka Mama Evangelina kanisani Nyanza-Lac, ana shukrani ya kutoa. Akasema murakoze, asante sana, jirani. Nikasikia raha moyoni. Hivi ndivyo watu wanavyopaswa kuishi.

Jumanne, 24 Juni

Saa moja asubuhi. Noah ya Boaz imekataa kuwaka. Masikini! Mama Evangelina amekaa ndani na kitambaa chake kipya cha kanisa, Biblia mapajani, na Boaz anazungusha ufunguo tu. Hizi gari za kompyuta bwana.

Nimemwambia kupitia ukutani asihangaike. Pijo ipo, nitawapeleka mimi. Naenda kuiwasha sasa hivi.